Afya ya Jamaa: Mbona Askari wa Mwili Hawauoni Uvimbe Huu?

Mwanafunzi mmoja wa hapa Katuba ametuletea swali ambalo, asema, mwalimu wake aliomba muda kabla ya kulijibu. Ni hili: "Tumefundishwa ya kuwa damu ina askari wanaoua vijidudu vya ugonjwa. Basi mbona hawaiui kansa?" Swali hili si la wanafunzi peke yao. Mama anayeona taya la mwanawe likivimba na meno yakilegea ana haki ya kujua kinachotendeka ndani yake. Kwa hiyo juma hili tuitazame kansa moja tu, ile ambayo huwapata watoto wa Afrika kuliko watoto wa pengine.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto wa miaka 5 ambaye mataya yake yalikuwa yamevimba pande zote mbili. Baada ya majuma machache akaona mtoto wa pili wa namna ile ile huko Jinja. Akaanza kuandika na kuhesabu. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri majuma 10, kilometa zipatazo 16,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali: je, mwawaona watoto kama hawa? Wakagundua kwamba uvimbe huo hukaa penye joto na mvua, na penye baridi ya milimani hauonekani sana. Ramani yake ilifanana na ramani ya malaria kali. Sisi wa Lubumbashi twakaa juu, mita 1,200 hivi, lakini aliyelala Katuba mwezi wa Januari bila chandarua ajua kwamba mbu hawana habari na urefu huo.

Huko London mtaalamu Anthony Epstein alikuwa amesikia hotuba ya Burkitt, akashuku kwamba kuna kirusi ndani ya uvimbe. Kampala ikampelekea vipande kwa ndege, mara nyingi, wala hakuona kitu. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na kipande kilipomfikia, maji yake yalikuwa yamechafuka. Mwingine angaliyamwaga. Yeye akayatazama kwa hadubini, akaona seli za kansa zikielea, nazo zi hai! Zikafugwa katika maabara, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi kipya ambacho leo chaitwa kirusi cha Epstein na Barr.

Lakini hapa pana fumbo. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanacho kirusi hicho. Hupita katika mate, na Afrika watoto wengi hukipata wakiwa wadogo sana. Makao yake ni seli B, nazo ni miongoni mwa askari wenyewe, maana ndizo zinazotengeneza kingamwili, silaha zinazoelea katika damu. Ikiwa karibu sote tunacho, kwa nini wachache tu huugua?

Jibu limo katika ujumbe. Seli haigawanyiki kwa kupenda kwake. Juu ya ukuta wake ina vipokezi, na ujumbe unapogusa kipokezi, protini moja huamsha ya pili, ya pili huamsha ya tatu, mpaka habari inafika katika kiini, mahali zinapokaa jeni. Ndivyo lilivyo neno la mkuu wa komuni: humfikia mkuu wa mtaa, naye huwaambia wenye viwanja. Kuna jeni moja iitwayo myc ambayo kazi yake ni kusema, "Gawanyika!" Ikiisha kusema hunyamaza, na kunyamaza kwake kuna maana kubwa kama kusema kwake.

Sasa fikiri mtoto anayeshikwa na malaria mara kwa mara. Ugonjwa huo huzichochea seli B zake ziongezeke sana, tena huwadhoofisha wale askari wengine, seli T, wanaozilinda seli zenye kirusi zisizidi. Na seli B ina desturi ya hatari: ili kutengeneza silaha nzuri zaidi, huzikata jeni zake yenyewe na kuziunga upya. Siku moja huunga vibaya. Kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni myc hushikamana na kromosomu ya 14, kando ya jeni ya kingamwili, ambayo katika seli B haizimwi. Jambo hilo lilitambulika mwaka 1982. Tangu hapo myc haingoji mjumbe tena, yapiga kelele usiku na mchana, na uvimbe waweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili.

Na askari? Kila seli huonyesha juu ya ukuta wake vipande vidogo vya protini zilizomo ndani, kana kwamba imeacha dirisha wazi. Seli T hupita, huchungulia, na ikiona kipande cha kirusi huua. Lakini katika seli za uvimbe huu kirusi huzima karibu jeni zake zote, kwa kawaida hubakiza protini moja ambayo ni vigumu kuonekana dirishani. Basi, mwanafunzi wetu, askari hawakulala. Wamepita mbele ya dirisha lililofungwa, la nyumba ya ndugu yao. Kansa nyingine zina hila tofauti, hukanyaga breki iliyomo katika seli T yenyewe. Kwa kuonyesha jinsi ya kuiachilia breki hiyo, James Allison na Tasuku Honjo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2018. Dawa hizo ni ghali mno, wala si tiba ya kawaida ya taya hili.

Taya hili lina udhaifu wake, nao ni ile haraka. Ziko dawa zinazoua seli zinapogawanyika, na Burkitt alipowapa watoto wa Kampala dawa ya siklofosfamidi aliona uvimbe ukiyeyuka kwa siku chache. Baadhi yao walipona kabisa. Leo katika nchi tajiri hupona karibu watoto 9 kati ya 10. Kwetu ni wachache kuliko hao, hasa kwa sababu mbili: mtoto hufika amechelewa, baada ya kung'olewa meno bure na kuchanjwa chale, au uvimbe ukiisha kutoweka jamaa humrudisha nyumbani kabla ya dawa kukamilika. Siwalaumu akina mama. Nauli, dawa na chakula cha mgonjwa vyote ni fedha, na uso uliopona hudanganya. Ila ukiona taya, au hata tumbo, limevimba kwa siku chache tu, mpeleke mtoto Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu wamkate kipande kidogo cha kupima, siku ile ile ikiwezekana.

Mwanafunzi huyo aliongeza swali chini ya barua: je, yafaa kula bukari sahani moja na mtoto mwenye uvimbe huo? Yafaa. Kansa yake haiambukizi, na kirusi chake, yamkini, wewe unacho tangu hujajua kusoma.