MUACHENI FREDDIE MERCURY, NA YULE STAA WETU WA KIGOMA NAYE MUACHENI

Wadau, wiki hii nimesoma komenti mpaka macho yameniuma. Ile klipu ya Queen pale Wembley imerudi tena mjini, mtu kaandika "huyu jamaa ni Mtanzania mwenzetu", basi bendera zikajipanga chini yake kama sherehe za Uhuru. Nikashuka kidogo, posti nyingine kabisa, nakuta watu wale wale wanamshukia msanii mmoja mkubwa mwenye asili ya huku kwetu Kigoma. Jina simtaji, mnamjua. Kosa lake ni kwamba aliulizwa kwao wapi akajibu Dar. Povu lilivyowatoka sasa! "Limbukeni." "Amesahau kwao." "Kigoma imemlea leo anaikana."

Kigoma imemlea lini?

Ngoja nianze na huyo wa Wembley, maana naona wengi mnamshangilia bila kumjua. Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Zanzibar, 5 Septemba 1946, familia ya Waparsi wenye asili ya India. Baba yake alikuwa karani wa fedha kwenye mahakama ya serikali ya Waingereza. Dogo alipofika miaka 8 wakampeleka bweni India, shule ya St Peter's kule Panchgani. Huko ndiko alikosoma piano, huko ndiko yeye na wanafunzi wenzake walikounda bendi, The Hectics. Ndiyo, huko ndiko alikoanza kuitwa Freddie. Akarudi Zanzibar 1963, na 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Familia ikafungasha kama zilivyofungasha familia nyingi za Kihindi na Kiarabu, wakaenda Uingereza, wakapanga maisha upya Feltham, jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow. Alikuwa na miaka 17.

Kule hakupokelewa na zulia jekundu. Alibeba mizigo ya abiria hapo hapo Heathrow. Alisoma chuo cha sanaa Ealing, akahitimu usanifu wa michoro mwaka 1969, ndiyo maana hata ile nembo ya Queen ya simba na kaa aliichora yeye mwenyewe. Aliuza nguo za mtumba soko la Kensington pamoja na Roger Taylor, yule mpiga drams. Alipita bendi ndogo ndogo ambazo leo hakuna anayezikumbuka. Queen ikaanza 1970, John Deacon akaingia na besi mwaka uliofuata, albamu ya kwanza 1973. Hesabu mwenyewe: kutoka kushuka kwenye ndege mpaka albamu ya kwanza ni miaka tisa. Nyie msanii akikaa miezi sita bila hiti mnamwambia arudi kulima.

Halafu 1975 wakatoa Bohemian Rhapsody. Karibu dakika sita, haina kiitikio cha kuimba na mashabiki, katikati inageuka opera. Wakaambiwa redio haziwezi kupiga kitu kirefu hivyo. Ikakaa namba moja Uingereza wiki tisa. Na ile klipu mnayoposti ni Live Aid, 13 Julai 1985, watu zaidi ya elfu sabini uwanjani, Queen walipewa kama dakika ishirini tu. Jamaa kaingia na singlendi nyeupe, maiki yenye nusu ya mhimili, akaanza kucheza na sauti za watu wote wale kama mwalimu wa kwaya. Mimi hiyo klipu naiangalia mpaka leo na nywele zinasimama.

Sasa nionyesheni kwenye hiyo stori yote ni wapi sisi tulichangia. Hospitali aliyozaliwa, sawa. Utoto wa pale Mji Mkongwe, sawa, siwezi kuukataa, mtoto anabeba vitu ambavyo hata mwenyewe havijui. Lakini piano ni India. Chuo ni Ealing. Bendi na jukwaa ni London. Sisi tumeingia mwishoni na bendera.

Tena hata bendera tumekuja nayo kwa kuchelewa na kwa kununa. Mwaka 2006, angekuwa hai angetimiza miaka 60, watu wakapanga sherehe Zanzibar. Kikundi cha Uamsho kikapinga kwa sababu ya maisha yake ya mapenzi na wanaume, sherehe ikafutwa. Novemba 2019 ikafunguliwa makumbusho yake pale Shangani, mtalii anakata tiketi, anapiga picha, anaondoka na fulana. Sisemi makumbusho ni mbaya, mimi nikipata nauli nakwenda. Nauliza tu: mtu huyo huyo, mji huo huo, kilichobadilika ni nini? Amebadilika yeye akiwa kaburini, au tumegundua analipa?

Na hili la kifo chake nitalisema hapa hapa, maana kwenye zile komenti kuna watu wanaandika "laana" na kucheka. Alitangaza kuwa ana UKIMWI tarehe 23 Novemba 1991. Kesho yake akafa. Miaka 45. Aliishi na siri hiyo akiwa anarekodi, anaimba, sauti haijashuka. Zile dawa za mchanganyiko zilizogeuza mambo zilikuja 1996. Leo hapa hapa Maweni mtu anachukua ARV bure na anazeeka na wajukuu wake, na bado kuna watu mtaani kwetu wanazikwa tunaambiwa "malaria". Mnayecheka, una uhakika nyumbani kwenu hakuna anayesoma komenti yako kimya kimya?

Haya, turudi mwisho wa reli.

Ukweli ni kwamba sisi watu wa Kigoma tunapenda sana sifa ya "kutoa wasanii". Mwaka 2012 ilitoka Leka Dutigite ya Kigoma All Stars, kwa Kiha ni kama kusema acha tujidai, na tulijidai kweli, sikatai, ile nyimbo ilinifanya nitembee kifua mbele. Wasanii wamejaa, majina makubwa ya nchi hii. Ila waangalie walikofanyia kazi. Studio Dar. Meneja Dar. Shoo ya kwanza iliyowalipa, Dar. Wengine hata kuzaliwa wamezaliwa Dar, Kigoma ni kwa bibi. Sisi tulichotoa ni ukoo. Ukoo ni heshima, lakini ukoo haununui gitaa.

Nenda Ujiji uone tunachokitunza. Kuna makumbusho na mnara mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone, 10 Novemba 1871, na miembe ambayo inasemekana ni uzao wa ule mwembe wenyewe. Mskoti na mwandishi wa gazeti la Marekani walisalimiana chini ya mti, sisi tumeweka ukuta, mlinzi na kitabu cha wageni. Sawa, ni historia, wanafunzi wanajifunza. Lakini pale Ujiji watu wamepiga ngoma na taarabu na dansi vizazi na vizazi, muziki wa Kongo unavuka ziwa na maboti kila wiki, na hakuna hata chumba kimoja chenye piano ambacho mtoto wa shule anaweza kuingia akagusa. Kama kipo nionyesheni, nitakitangaza bure hapa.

Nawajua madogo watano wa huko huko. Mchana wawili wanashusha magunia ya dagaa Kibirizi, mmoja anauza mawese na mama yake. Wana gitaa mbili, moja imefungwa uzi wa kuvulia sehemu ambayo nyuzi imekatika, naapa, na inalia. Waliomba ukumbi fulani wa kufanyia mazoezi siku ambazo hauna kazi. Wakapewa bei ya harusi. Wakahamia ufukweni, majirani wakawaita wahuni. Hao leo hakuna anayeandika "watoto wa nyumbani". Mmoja wao akipanda treni akatoboa baada ya miaka tisa, nyie nyie mtakuwa wa kwanza kumdai ataje Kigoma kwenye kila intavyuu.

Najua wengine mtaniambia asili ni asili, mti bila mizizi unaanguka. Sikiliza, Freddie mwenyewe alikuwa haisemi sana Zanzibar. Alibadili jina la kwanza, akabadili na la ukoo. Kijana aliyeondoka na familia yake katika hali ile, akafika nchi ambayo mtu mwenye jina kama lake alikuwa anabaguliwa wazi, mlitaka afanyeje? Na bado alipofariki aliagwa kwa taratibu za dini ya Kizoroastro, dini ya wazazi wake, kisha mwili wake ukachomwa. Mizizi alikuwa nayo. Hakuwa na deni la kututangazia.

Kwa hiyo yule staa wetu kusema "mimi mtoto wa Dar" hajamtukana mtu. Kasema alikofundishwa kazi. Anayeumia achukue hayo maumivu ayapeleke kwa mwenye ukumbi, au anunue seti moja ya nyuzi za gitaa, haizidi bei ya bando lako la wiki mbili. Madogo wako ufukweni Katonga karibu kila jioni ziwa likitulia, utawasikia kabla hujawaona.

Na msinijie inboksi kuniuliza staa ni nani. Sitaji.