China: mamilioni wanaishi mjini, karatasi zao zimebaki kijijini

Mnamo Julai 2024 serikali ya China ilitangaza mpango wa miaka 5 wa kufikisha wakaaji wa miji karibu asilimia 70 ya wananchi wote. Lakini kuishi mjini na kutambuliwa kama mtu wa mji ni mambo mawili tofauti nchini humo. Katika sensa ya mwaka 2020, karibu watu 64 kati ya 100 walikuwa wanaishi mjini, wakati 45 tu ndio walioandikishwa kama watu wa mji. Tofauti hiyo ni watu zaidi ya milioni 250.

Chanzo ni hukou, uandikishaji wa familia uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1958. Kila familia ina mahali pake kwenye daftari, na mtoto hurithi mahali pa wazazi hata kama alizaliwa mbali. Wakati ule serikali ilitaka wakulima wabaki mashambani. Baada ya mageuzi ya 1978, viwanda vya pwani vikahitaji wafanyakazi na watu wakaachwa waje. Daftari halikuwafuata.

Ndiyo maana familia nyingi huhama vipande vipande. Baba hutangulia kwenye ujenzi, mama humfuata kiwandani, mtoto hubaki kwa babu na nyanya. Hata wanaokuja na mtoto hukwama baadaye. Shule ya msingi inaweza kupatikana, kama mzazi ana mkataba wa kazi, karatasi za nyumba na za bima. Kikwazo kikubwa ni gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu, ambao kwa kawaida hufanywa katika jimbo la uandikishaji. Basi kijana wa miaka 15 hurudishwa kijiji ambacho pengine anakijua kwa sikukuu za mwaka mpya tu. Wazazi hawawezi kurudi naye, mshahara uko mjini.

Si kwamba Beijing imekaa kimya. Mwaka 2014 iliahidi kuandikisha mjini watu milioni 100 kufikia 2020, na mwaka 2019 iliagiza miji yenye wakaaji chini ya milioni 3 iondoe masharti. Mlango umefunguliwa, ila mahali ambapo kazi ni chache. Beijing na Shanghai zimebaki na masharti magumu, yanayotazama miaka ya kulipa bima na kiwango cha masomo. Fundi wa ujenzi hafiki mbali kwa hesabu hiyo. Tena shule hulipwa zaidi na serikali za mitaa, ambazo mapato yake ya ardhi yamepungua tangu biashara ya nyumba ilipoyumba mwaka 2021. Kila mtoto mpya ni gharama.

Jambo linalosahaulika ni kwamba wakulima wengi hawaitaki tena karatasi ya mji. Kijijini wana haki ya kulima shamba na ya kujenga nyumba. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inakataza kumlazimisha mtu aache shamba ndipo aandikishwe mjini, lakini hofu haijaisha: kiwanda kikifungwa, shamba ndilo linabaki.

Wengine wametafuta njia ya katikati. Wananunua nyumba katika mji mdogo wa wilaya, karibu na kijiji chao. Mama anakaa hapo na mtoto anayesoma, baba anaendelea na kazi Guangdong, wazee wanalima.