Deki ya CD ya laki tatu? Nunua spika kwanza

Kama umerudi kununua CD, nakuelewa kabisa. CD ukishailipia ni yako. Haingoji bando, na hakuna kampuni itakayoamka asubuhi ikuondolee albamu unayoipenda. Shida inaanza unapotafuta deki ya kuichezea, halafu muuzaji anakutajia bei inayolingana na kodi ya keja yako ya mwaka mzima. Na simu yako iko hapo mfukoni, tayari kukukopesha.

Usikope. Deki ndiyo kitu cha mwisho kumwagia pesa kwenye stereo yako. Mimi chuo sikumaliza, lakini hesabu hii haihitaji digrii.

Tangu CD zianze kuuzwa mwaka wa 1982, utaratibu ni ule ule: sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo biti 16. Deki ya elfu kumi na ya laki tatu, zote zikiwa nzima, zinasoma namba zile zile kwenye CD yako. Tofauti iko kwenye chipu inayogeuza namba hizo kuwa sauti, yaani DAC, na jinsi mashine yenyewe ilivyoundwa. Tofauti ipo, sikatai. Lakini kwa spika duni hutaisikia. Badilisha spika uone: hata jirani atajua.

Kwa hivyo spika kwanza, amplifaya pili, deki mwisho.

Ukienda kusikiliza dukani, chunga volyumu. Sikio letu hudhani sauti iliyo juu kidogo ndiyo bora. Mwambie muuzaji aweke deki zote mbili kiwango kimoja, kwa spika zile zile, kisha ufumbe macho. Usiposikia tofauti, pesa yako ibaki mfukoni.

Deki za mtumba usizidharau. Ukishuka Luthuli, beba CD yako mwenyewe, ikiwezekana iliyokwaruzwa kidogo. Cheza wimbo wa kwanza, kisha ruka hadi wa mwisho, kwa sababu CD husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni. Ikikwamakwama, huenda leza imechoka. Fungua na ufunge trei mara kadhaa. Geuza deki usome nyuma: zilizotengenezewa soko la Japani ni za volti 100, na stima yetu ni 240. Ukiichomeka bila transfoma, utanusa moshi kabla ya kusikia muziki.

Kama amplifaya yako ina DAC ndani, angalia ile deki ya DVD inayokula vumbi kwa mzazi wako. Nyingi zina tundu la koaksi nyuma. Unganisha waya mmoja, na kazi ya kugeuza sauti itafanywa na amplifaya. Hapo umetumia bei ya waya tu.

Na kama kweli unazo hizo laki tatu, bila deni, muulize muuzaji swali moja kabla ya kulipa: leza ikifa, nitapata nyingine wapi na nani ataifunga? Akianza kukusifia uzito wa chuma na taa za buluu, toka. Leza huchakaa, iwe ya bei gani. Deki ambayo fundi hawezi kuipatia leza ni pambo la mezani, na pambo la laki tatu wewe na mimi hatulihitaji.