Sombe ya Lubarika: vitamini C inabaki kiasi gani kwenye sahani?

Kule Lubarika, jirani ya Luvungi, na vijiji vingine vya uwanda wa Ruzizi, sombe haikosi kwenye chakula. Mara nyingi mamaa wanaambiwa: lisheni watoto majani, yana vitamini. Ni kweli, lakini si kweli yote. Vitamini C inayohesabiwa kwa sombe ni ile ya jani bichi. Na nani anakula sombe mbichi?

Vipimo vya majani mabichi ya muhogo vinatofautiana sana: toka miligramu 60 hadi 370 kwa gramu 100. Mtu mzima anahitaji miligramu 45 kwa siku, mama anayenyonyesha 70, mtoto mdogo 30. Ukisoma hesabu hiyo utasema: fungu moja la sombe linatosha nyumba nzima! Lakini vitamini C inaharibiwa na moto, inaharibiwa na hewa, tena inayeyuka ndani ya maji. Sombe inapondwa kwenye kinu ao kwenye mashine, halafu inachemka kwa muda mrefu. Sehemu kubwa ya vitamini C inapotelea pale.

Je, basi mamaa wapunguze kuchemsha? Hapana, hata kidogo. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Kuponda kunaifungua, kuchemsha kunaifukuza. Sombe iliyoiva vizuri inabaki chakula kizuri: ina protini, ina madini ya chuma, ina pia kile kinacholeta vitamini A. Ila kwa vitamini C, tusiitegemee yenyewe tu.

Namna ya kujua kinachobaki ipo, na si ya labo kubwa za Ulaya peke yake. Walimu wa kemia wanaiita titraje. Kazi yenyewe ni kudondosha iodini, ile dawa ya vidonda ya rangi ya kahawia, tone kwa tone ndani ya maji ya mboga yaliyochujwa na kutiwa siki kidogo na uji mwepesi wa unga wa muhogo. Kadiri vitamini C ipo, inakula iodini na rangi inapotea. Siku imekwisha, iodini inashika wanga wa muhogo, na maji yanageuka bluu nyeusi. Pale unaacha na kuhesabu matone.

Ili matone yawe miligramu, mtu anaanza na kidonge cha vitamini C cha miligramu 500, kilichoyeyushwa katika litre moja ya maji. Mililita 20 za maji hayo zina miligramu 10. Tuseme, mfano wa hesabu tu, zimetumia matone 40: kila tone ni robo ya miligramu. Kama maji ya gramu 10 za mboga iliyopikwa yametumia matone 4, ni miligramu 1, yaani 10 kwa gramu 100. Mboga iliyotiwa iodini haionjwi na mtu, inatupwa.

Kipimo hicho kina mipaka yake. Rangi ya kijani inaficha mabadiliko, na vitu vingine vya ndani ya jani vinaweza kula iodini na kuongeza hesabu kwa uongo. Lakini kwa kulinganisha mboga ileile kabla ya moto na nyuma ya moto, kinaonyesha njia.

Sababu gani jambo hili ni la maana leo? Kwanza, vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo ndani ya maharagi na majani. Ikikosekana, mama na mtoto wanaweza kupungukiwa damu hata sahani ikiwa imejaa. Pili ni vita. Mwaka 2025 maelfu ya wakaaji wa upande huu walivuka Ruzizi kuingia Burundi. Mtu aliyekimbia anaacha shamba na miti ya matunda, anabaki na chakula cha msaada: unga, maharagi, mafuta. Miaka ya 1980, katika kambi za wakimbizi Waethiopia huko Somalia na Sudan, watu walipata kiseyeye, ugonjwa wa fizi kutoka damu, juu ya kukosa vitamini C.

Dawa yake haiko mbali. Pera lina miligramu zaidi ya 200 kwa gramu 100, papai karibu 60, embe karibu 36. Lengalenga mbichi ina karibu 43, na yenyewe haihitaji kuchemka masaa: moto kidogo, maji kidogo, inakuwa tayari. Ndimu inakamuliwa chakula kikisha kutoka motoni. Pera moja nyuma ya bugali na sombe linaziba pengo ambalo sufuria imeacha.

Wakati wa ukoloni Lubarika ilikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha INEAC, na pamba ilikuwa zao kubwa la biashara katika uwanda. Kupima mimea si jambo geni hapa. Kinachobaki ni kupima ile inayoingia kwenye sufuria, na shule ya sekondari yenye mwalimu wa kemia, chupa ya iodini na unga wa muhogo inaweza kuanza.