Hakuna Aliyezoea Kuuliwa Mtoto

Mchungaji akipigwa risasi na wezi wa mifugo Lokori, Turkana, au abiria wakiviziwa kwenye barabara ya Kapedo, utawasikia Wakenya wa mbali wakisema: hao wamezoea. Hata katika ofisi za Lodwar wapo wanaolisema hilo, kisha wanaongeza kwamba wazee wakikaa na mifugo ikalipwa, mambo yamekwisha.

Huo ni uongo, tena wa kikatili. Mama anayenyamaza baada ya mazishi hajazoea. Amenyamaza kwa kuwa walioandika maelezo yake hawakurudi, na hajui faili iko kwa nani.

Februari 2025 wavuvi Waturkana walishambuliwa karibu na Todonyang, mpakani na Ethiopia, na wengine hawakuonekana tena. Mke wa mtu kama huyo hana kaburi wala cheti cha kifo. Sheria ya Ushahidi ya Kenya humchukulia mtu kuwa amefariki asiposikika kwa miaka 7. Miaka yote hiyo mjane huyo asomeshe watoto kwa jina la nani? Nani atamwambia alie, na nani atamwambia angoje? Hakuna jamii duniani inayozoea jambo kama hilo.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma nayo tangu 1992 imepokea watu waliokwisha kuzika ndugu zao Sudan Kusini na kwingineko. Mwaka 2014 mapigano yalizuka kambini humo humo, watu wakauawa, na waliofiwa wakabaki kuchota maji pamoja na jamaa za washukiwa. Kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, na ya karibu iko Lodwar, kilomita 120 hivi. Mkimbizi anahitaji nauli na kibali cha kutoka kambini ili tu akaone uso wa anayeshtakiwa.

Siwadharau wazee. Mapatano ya Lokiriama ya 1973 kati ya Waturkana na Wamatheniko wa Uganda huadhimishwa hadi leo, nayo yameokoa roho nyingi. Lakini mapatano huzuia kisasi cha kesho; hayamlazi usingizi mtoto aliyemwona baba akichinjwa.

Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inawapa waliofiwa haki ya kuarifiwa kuhusu kesi, kusikilizwa na kupata ushauri nasaha. Mwaka 2020, katika kesi ya Waswa, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba mwathiriwa ana nafasi katika kesi ya jinai. Haki hizo haziishii Kitale; zinafika hadi Turkana.

Kwa hiyo chifu, askari, mchungaji wa kanisa, nanyi wa serikali ya kaunti: rudini kwenye boma la waliofiwa baada ya matanga. Mpeni mama jina la mpelelezi na tarehe ya kesi. Mkatieni tiketi ya matatu hadi Lodwar, na mmoja wenu aketi naye mahakamani.