Daftari la Wiki: Kasuku, Ulimbo na Kurasa 29

Kasuku wa vitabu vya watoto wetu ana mwili mwekundu na mbawa za bluu. Huyo ni ndege wa Amerika Kusini. Wa kwetu ni wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayepatikana kuanzia Ghana, kupitia Kamerun na Kongo, hadi Uganda, na ukingo wake wa mashariki ni msitu wa Kakamega. Mtoto wa Shinyalu, kando ya msitu huo, ana haki ya kumwona kitabuni.

*

Mji wa Kale, Mombasa, kuna kitabu kinachomstahili ndege huyo. Wanaokitengeneza ni bibi mmoja, mwalimu mstaafu, na mjukuu wake wa gredi ya tatu. Bibi anaandika, kijana anachora, na kila sentensi wanaigombania. Mhusika ni kasuku wao, anayeiga mlio wa vikombe vya muuza kahawa mpaka majirani hutoka na sarafu mkononi.

Nilikaa nao barazani. Kijana alikuwa amechora mguu wa kuku: vidole vitatu mbele, kimoja nyuma. Bibi hakumkosoa. "Mume wangu," akamwambia, "nenda ukamhesabu vidole." Kijana akaenda, akarudi mbio: viwili mbele, viwili nyuma! Akafuta, akachora upya. Kisha likaja suala la jicho. Bibi akamweleza kuwa kinda huzaliwa na jicho jeusi, nalo hupauka kadiri anavyokua hadi kuwa la manjano. Sasa kitabu kina kurasa mbili za jicho tupu, na kwa hizo peke yake ningekinunua.

Hivi ndivyo vitabu vya watoto vinavyopaswa kuandikwa, kwa mtu kwenda kumtazama ndege.

Halafu kijana akauliza, "Bibi, mamake yuko wapi?"

Marehemu babu alimnunua kasuku huyo kwa baharia, miaka ya themanini. Bibi angeweza kupitisha swali lile kwa kicheko, lakini hakufanya hivyo. Alimweleza mjukuu wake kwamba makinda hutolewa kwenye mashimo ya miti mikubwa, wakubwa hunaswa kwa ulimbo uliopakwa matawini, na wengi hufia njiani kabla mnunuzi hajawaona. Kijana alinyamaza sana. Kisha akaomba penseli ya kijani, akachora mti wenye shimo.

Mwaka 2016, mjini Johannesburg, nchi za mkataba wa CITES ziliamua kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini. Mwaka huohuo watafiti walichapisha makadirio yao kwamba Ghana ilikuwa imepoteza asilimia 90 hadi 99 ya ndege hao tangu 1992. Miti ilikatwa, lakini pia kuna watu waliopanda na ulimbo. Ndege wa bibi ana kibali cha KWS, na kijana amekichora hicho kibali pamoja na muhuri wake.

Mchapishaji aliyeonyeshwa mswada anataka ukurasa wa ulimbo uondolewe kwa kuwa unatisha, na mwishoni paongezwe "Hadithi hii inatufundisha nini?" Bibi asikubali hata moja. Watoto wa Pwani wamelelewa kwa hadithi za mazimwi yanayomeza kijiji kizima, na wakaomba nyingine kabla ya kulala. Tena swali la mama wa kasuku liliulizwa na mtoto mwenyewe. Na kuhusu mafunzo ya mwishoni, wasomaji wa safu hii mnajua msimamo wangu: yanamgeuza msomaji mdogo kuwa mtahiniwa.

*

Parachichi ni sumu kwa kasuku. Mwambie jirani.

*

Alex, kasuku wa kijivu wa mwanasayansi Irene Pepperberg, alinunuliwa dukani Chicago mwaka 1977. Hadi alipokufa mwaka 2007 alikuwa ametaja rangi na maumbo na kuhesabu vitu kadhaa. Kijana wetu aliposikia hayo, alimpelekea wa kwao bakuli la njugu na kuanza somo papo hapo.

*

Wazazi wa mtaala wa umilisi mnaijua foleni ya saiba usiku, ya kuchapisha picha ya ndege ambaye mtoto angeweza kumtazama dirishani asubuhi. Walimu, tafadhalini, waacheni wachore.

*

Kitabu kimefika kurasa 29. Mpiga chapa anasema ziwe 24 au 32, kwa sababu karatasi yake hukunjwa kwa nane nane. Bibi amechagua 32, na zile tatu zitaachwa wazi ili msomaji achore ndege wake. Mpango mzuri kabisa.

*

Ada ya mpiga chapa inamtoa bibi jasho, na atakayekinunua kitabu atalipa zaidi. Sheria ya 2013 iliweka VAT ya asilimia 16 juu ya vitabu. Wabunge wetu, mjukuu huyu ana kitabu cha kuuza: mnaiondoa lini?