Mtunzi wa nyimbo za sinema ni malenga kamili

Imezoeleka miongoni mwetu kuwagawa watunzi katika matabaka mawili. Aliyechapisha diwani huitwa malenga, mashairi yake yakachambuliwa darasani na kutahiniwa. Aliyetunga maneno ya wimbo unaoimbwa sokoni, garini na harusini huitwa mtu wa burudani, na kazi yake haitajwi shuleni ila wanafunzi wanapokemewa kwa kupoteza wakati. Mimi nashikilia kwamba mgawanyo huu hauna msingi, tena unawadhuru vijana tunaotaka waipende lugha. Ushahidi ninaouleta unatoka mbali, katika nchi ya Watelugu kusini mwa India, lakini unamhusu mtu ambaye walimu hasa wana sababu ya kumjua, kwani naye alikuwa mwalimu.

Jina lake ni C. Narayana Reddy, aliyejulikana sana kwa ufupisho wa Sinare. Alizaliwa tarehe 29 Julai 1931 katika kijiji cha Hanumajipet, eneo la Karimnagar, katika jamii ya wakulima. Sehemu hiyo, ambayo leo imo katika jimbo la Telangana, wakati huo ilikuwa chini ya Nizam, mtawala wa Hyderabad. Kijijini watu walisema Kitelugu, lakini lugha ya serikali na ya masomo ilikuwa Kiurdu. Mtoto huyu basi alisomeshwa kwa Kiurdu, na hata shahada yake ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Osmania aliisomea kwa lugha hiyo hiyo.

Je, mtu wa namna hii alikipata wapi Kitelugu kilichomfanya baadaye kuwa bingwa wake? Alikipata kwanza katika nyimbo. Tangu utotoni alivutiwa na nyimbo za wanakijiji, na harikatha, yaani visa vya miungu vinavyosimuliwa kwa maneno na kuimbwa na msimulizi mmoja, na maigizo yaliyochezwa njiani mbele ya umati. Shule ilimpa Kiurdu, naye alikipenda. Nyimbo zikamhifadhia lugha ya mamake. Mwenye kudai kwamba nyimbo huharibu lugha ya vijana na alitafakari jambo hili.

Alipofika shahada ya pili aligeukia fasihi ya Kitelugu, kisha akafanya utafiti wa uzamifu kuhusu ushairi wa kisasa wa lugha hiyo, mapokeo yake na majaribio yake. Alifundisha hadi akawa profesa Osmania. Vitabu vyake vya mashairi vilifuatana. Mwaka 1973 alipata tuzo ya Sahitya Akademi, taasisi ya kitaifa ya fasihi ya India, kwa diwani yake Mantalu Manavudu. Kisha tuzo ya Jnanpith ya mwaka 1988, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa kabisa za fasihi nchini humo, akapewa kwa Viswambhara, shairi refu juu ya safari ya binadamu akitafuta ukamilifu katika roho, sanaa na sayansi. Kabla yake ni Mtelugu mmoja tu, Viswanatha Satyanarayana, aliyekuwa ameipata.

Mtu huyu huyu alitunga nyimbo za filamu zaidi ya 3,000. Mwaka 1962, ambao ndio mwaka aliotunukiwa shahada ya uzamifu, zilitoka nyimbo zake za kwanza katika filamu ya Gulebakavali Katha. Aliyemwingiza katika kazi hiyo ni mwigizaji mashuhuri N. T. Rama Rao, ambaye mwaka 1983 alikuja kuliongoza jimbo la Andhra Pradesh akiwa waziri mkuu wake. Sinare hakuuacha ualimu kwa ajili ya sinema, wala hakuiacha sinema kwa kuona haya ya uprofesa. Alizishika kazi zote mbili kwa miongo mingi.

Watasema wengine kwamba huko kwenye filamu alikwenda kujipumzisha tu, au kutafuta riziki. Nawaomba waitazame kazi yenyewe. Katika filamu za India, mara nyingi mtunzi wa muziki hutangulia kuunda mahadhi, ndipo mshairi akatakiwa kuyajaza maneno. Idadi ya silabi si hiari yake. Pale mahadhi yanapovuta sauti, lazima aweke silabi inayovutika. Pale yanapokatika, lazima neno nalo likatike. Zaidi ya hayo, hasemi kwa nafsi yake. Leo atamsemea mwanamfalme, kesho mkulima, kesho kutwa mjane, na maneno yasiyolingana na mhusika yatasikika mara moja. Msikilizaji naye hana ukurasa wa kurudia. Mstari usipoeleweka unapopita, umepotea.

Sinare aliingia katika kazi hiyo akiwa na silaha kamili. Maneno mengi ya Kitelugu, kama ya Kiswahili, huishia kwa irabu, kwa hiyo huimbika kwa wepesi. Lakini arudhi yake ya kale ni ngumu. Kina chake kinachoitwa prasa hakikai mwishoni mwa mshororo kama chetu, bali katika silabi ya pili, ambapo konsonanti yake hurudiwa katika kila mshororo wa ubeti. Iko pia kanuni ya yati, inayotaka herufi ya kwanza ya mshororo ioane na herufi nyingine iliyo mahali maalumu ndani ya mshororo huo huo. Profesa wetu alizijua sheria hizi na kuzifundisha. Hata hivyo Viswambhara aliiandika kwa mtindo huru, usiofungwa na arudhi. Wale wanaoendelea kulumbana kuhusu mashairi ya arudhi na mashairi huru wangejifunza kwake kwamba mtu mmoja aweza kuzimiliki nyumba zote mbili, na ya tatu ya wimbo, asipungukiwe na hadhi.

Sikatai kwamba nyimbo nyingi za sinema ni tupu. Biashara hutaka wingi, na wingi huzaa marudio na uvivu. Hapana shaka kwamba mwenye nyimbo 3,000 hakosi zilizo dhaifu. Lakini diwani dhaifu nazo zimejaa maktabani, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa ajili yake ushairi wote utupwe. Haki ni kuipima kila kazi kwa ubora wake, si kwa mahali ilipotokea.

Sisi Waswahili tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Tenzi zetu zilighaniwa kabla ya kusomwa kimyakimya. Miongoni mwa bahari zetu za ushairi imo inayoitwa wimbo. Huko Mombasa Juma Bhalo alipata sifa kwa taarabu zilizotumia mahadhi ya filamu za Kihindi, na baadhi ya maneno aliyoyaimba yalitungwa na Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule yule ambaye diwani yake Malenga wa Mvita ilitoka mwaka 1971. Filamu hizo hazikuwa za Kitelugu, lakini kazi ya kulinganisha neno na mahadhi yaliyokwisha kuundwa ni ile ile aliyoifanya Sinare. Tunapomfundisha Ahmad Nassir wa diwani na kumnyamazia Ahmad Nassir wa taarabu, tunamkata mtu mmoja vipande viwili.

Heshima haikumkimbia Sinare kwa sababu ya nyimbo. Alikuwa makamu wa chansela wa Chuo Kikuu cha Kitelugu, na mwaka 1997 aliteuliwa kuingia katika baraza la juu la bunge la India. Kiurdu cha utotoni nacho hakikupotea bure, kwani alitunga ghazali kwa Kitelugu, akaipa lugha yake umbo lililostawi katika lugha ya shule yake. Alifariki Hyderabad tarehe 12 Juni 2017, akiwa na umri wa miaka 85.

Nawasihi walimu wa ushairi wajaribu jambo moja muhula huu. Mwanafunzi na alete wimbo anaoupenda, auandike ubaoni bila muziki, kisha darasa lihesabu mizani, litafute vina, liulize nani anasema na kwa nini neno hili limewekwa hapa. Wimbo ulio tupu utajifichua wenyewe, na mwanafunzi atakuwa ameugundua utupu huo kwa akili yake badala ya kukaripiwa. Wimbo ulio mzuri utamfungulia mlango wa diwani. Na akitokea kijana mwenye kipaji cha kutunga nyimbo, asiambiwe aache ndipo asome fasihi. Aambiwe kwamba alikuwako profesa wa fasihi aliyetunga nyimbo zaidi ya 3,000, na kwamba bado aliamka kwenda kufundisha.